Joy Adamson: Kabla ya simba Elsa, alisaka rangi halisi za Meru na Embu

MTAJE Joy Adamson mbele ya mkazi yeyote wa Meru, na jambo la kwanza atakalokumbuka ni Elsa, simba jike aliyelelewa na binadamu kisha akarudishwa porini kando ya Mto Ura. Kitabu kuhusu simba huyo, Born Free, kilichotoka mwaka wa 1960, kilimpa Joy sifa dunia nzima. Filamu iliyotengenezwa kutokana na kitabu hicho mwaka wa 1966 ikaikoleza sifa hiyo.

Hata hivyo, Elsa alipoingia katika maisha yake mwaka wa 1956, Joy alikuwa na umri wa miaka 46, na tayari alikuwa amefanya kazi ambayo peke yake ingetosha kuliweka jina lake katika historia ya Kenya. Kwa karibu miaka 20 alikuwa amezunguka nchi na brashi mkononi, akichora maua, miti na watu. Muda wote huo alikuwa akihangaikia swali moja: je, rangi iliyo mbele ya macho itahamishwaje hadi kwenye karatasi bila kugeuka?

Swali hilo halijazeeka. Hukabiliana nalo kila anayechapa picha ya harusi, au ya marehemu nyanya yake, kwa printa ndogo ya nyumbani. Nguo nyekundu hutoka ikiwa kahawia, majani ya migomba huingia samawati, na uso wa mpendwa huwa wa kijivu kama jivu la mekoni. Maisha ya Joy Adamson yana funzo kwa mtu huyo. Yana onyo pia.

Msichana aliyejaribu mengi

Alizaliwa Januari 20, 1910, katika mji wa Troppau, uliokuwa sehemu ya Dola ya Austria na Hungaria. Mji huo sasa unaitwa Opava na uko katika Jamhuri ya Czech. Wazazi wake walimpa majina Friederike Victoria Gessner. Jina Joy lilikuja baadaye sana.

Ujana wake aliupitisha zaidi Vienna. Huko alijifunza kupiga piano, akajaribu ushonaji, uchongaji na ufuaji wa vyombo vya chuma, kisha akaanza kujiandaa kwa masomo ya udaktari. Hakuna hata moja kati ya hayo lililomshika. Mwaka wa 1935 aliolewa na Viktor von Klarwill, mfanyabiashara wa Austria mwenye asili ya Kiyahudi.

Siasa za chuki zilipokuwa zikipamba moto Ulaya, mumewe alimtuma Kenya mwaka wa 1937 kutazama kama pangewafaa kuhamia. Ndani ya meli alikutana na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi. Ndoa ya kwanza ilivunjika, na mwaka wa 1938 akaolewa na Bally. Ni mume huyu wa pili aliyemwita Joy, na jina likamganda hadi kaburini.

Ua linalonyauka

Bally alifanya kazi ya mimea katika Makumbusho ya Coryndon mjini Nairobi. Kazi hiyo ilimtaka asafiri, akusanye mimea, aikandamize kati ya karatasi hadi ikauke, kisha aihifadhi kwa uchunguzi. Njia hiyo hulinda umbo la jani, mpangilio wa mishipa yake na idadi ya petali za ua. Kitu kimoja haikilindi, nacho ni rangi. Ua la zambarau likikaa miezi kadhaa kabatini huwa na rangi ya majani ya chai.

Hapo ndipo Joy alipopata kazi yake. Alianza kuchora kwa rangi za maji maua ambayo mumewe aliyaleta, yangali mabichi. Muda haukumruhusu kuzembea. Ua la mwituni likishakatwa hubaki na saa chache tu kabla ya kulegea, na jua la saa sita huliona tofauti na jua la saa kumi. Ilimbidi mchoraji aangalie, achanganye rangi, aijaribu pembeni mwa karatasi, ailinganishe na petali yenyewe, kisha aamue.

Msomaji wa leo anaweza kuuliza: kwa nini wasipige picha? Kamera zilikuwapo, na filamu ya rangi ya Kodachrome ilikuwa imeingia sokoni tangu 1935. Lakini filamu hiyo haikuweza kusafishwa na mpiga picha mwenyewe. Ilibidi irudishwe katika maabara maalumu. Mpiga picha aliyekuwa porini hakujua kama rangi zake zilitoka sawa hadi wiki nyingi baadaye, ua lenyewe likiwa limekwisha kuoza.

Kulikuwa na tatizo jingine la kina zaidi. Maua mengi ya buluu hurudisha pia mwanga mwekundu wa mbali ambao jicho la binadamu halioni vizuri, ilhali filamu za rangi ziliunasa. Matokeo yake ni kwamba ua lililoonekana la buluu shambani lilitoka la waridi kwenye picha. Wapiga picha waliliita tatizo hilo kwa jina la ageratum, gugu lenye maua ya samawati ambalo wakulima wa nyanda za juu za Kenya wanalijua fika kwa kuling'oa. Jicho lililozoezwa na brashi iliyotulia vilikuwa, kwa wakati ule, chombo cha kuaminika kuliko kamera.

Michoro ya Joy ilitumiwa katika kitabu maarufu cha kilimo cha bustani Afrika Mashariki kilichohaririwa na Arthur Jex-Blake. Mwaka wa 1947 Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani cha Uingereza kilimtunuku nishani ya dhahabu ya Grenfell. Mwanamke aliyeshindwa kutulia Vienna alikuwa amepata kitu cha kumtuliza.

Nyuso za mashariki mwa Mlima Kenya

Kufikia wakati huo alikuwa mke wa mtu mwingine tena. Mwaka wa 1944 aliolewa na George Adamson, askari mkuu wa wanyamapori katika mkoa wa kaskazini, aliyekuwa na makao Isiolo. Kutoka Isiolo hadi Meru ni mwendo mfupi wa kupanda mlima, na kutoka Meru barabara huuzunguka Mlima Kenya kupitia Chuka hadi Embu. Hiyo ikawa sehemu ya dunia yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 Serikali ya kikoloni ilimpa jukumu la kuchora watu wa jamii za Kenya wakiwa katika mavazi na mapambo yao ya jadi. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba mapambo hayo yalikuwa yakitoweka kwa kasi, na kwamba lazima yanakiliwe kabla hayajaisha. Joy aliifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa, akizunguka kutoka pwani hadi ziwani, na akaacha mamia ya picha. Jamii za mashariki mwa Mlima Kenya, wakiwemo Wameru na Waembu, zilikuwa miongoni mwa alizozichora.

Kazi ya kuchora mtu ilikuwa ngumu kuliko ya kuchora ua. Ua halichoki wala halioni haya. Mzee aliyeketishwa juu ya kigoda kwa saa nyingi, amevalia mavazi ambayo pengine aliyavaa mara ya mwisho akiwa kijana, alichoka na aliona haya.

Tena rangi za mtu zina maana. Ngozi ya mbega iliyovaliwa na wapiga ngoma wa Chuka ni nyeusi tititi na nyeupe pe, na mchoraji akiifanya ya kijivu atakuwa ameiharibu. Udongo mwekundu unaopakwa mwilini una wekundu wake, tofauti na wekundu wa damu au wa nyanya. Chokaa iliyopakwa usoni mwa kijana wa jando haifanani na weupe wa karatasi. Katika jamii nyingi za Kenya, ushanga wa rangi fulani ulimweleza mtazamaji kama aliyeuvaa ni msichana, mke wa mtu au mama wa watoto waliotahiriwa. Kukosea rangi ya ushanga ni kukosea habari za mtu.

Hapo pana kinaya cha historia. Sehemu ya shanga za kioo zilizouzwa Afrika Mashariki ilitengenezwa Bohemia, nchi jirani na alikozaliwa Joy. Mwanamke kutoka kule alikuja kuketi chini ya mti wa huku, akilinganisha rangi yake ya maji na kioo kilichosafiri njia ileile.

Ngozi ya mwafrika nayo ilikuwa mtihani ambao wenye viwanda vya filamu hawakuwa wamejishughulisha nao. Kwa miongo kadhaa, maabara za picha zilisawazisha mitambo yao kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke wa kizungu. Uso wake ukitoka vizuri, mtambo ulihesabiwa kuwa sawa. Nyuso nyeusi zilitoka kama kivuli chenye meno na macho. Kampuni ya Kodak ilianza kuboresha filamu zake kwa rangi za giza katika miaka ya 1970 na 1980, na inasimuliwa kwamba malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao yalichangia kuiamsha.

Mchoraji hakuwa na sababu ya kungoja kiwanda. Katika uso mmoja mweusi mna kahawia, mna wekundu kwenye mashavu, mna zambarau chini ya macho na samawati ya anga inayong'aa kwenye paji. Picha za Joy zina tabaka hizo. Ndiyo sababu wengi wanaozitazama huhisi kwamba wanamtazama mtu mwenye jina na ukoo.

Kilichoachwa nje ya picha

Uaminifu wa rangi, hata hivyo, si uaminifu wa kila kitu. Oktoba 1952 Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Meru na Embu zilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyobeba mzigo mzito: watu walihamishwa kwa nguvu hadi vijiji vilivyozungushiwa mitaro, vijana waliingia msituni, na wengine wengi wakatiwa vizuizini. Mtu akitazama michoro ya mapambo ya jadi ya kipindi hicho hawezi kubashiri kwamba hayo yalikuwa yakitendeka.

Mwajiri wa Joy alikuwa Serikali hiyohiyo. Waliochorwa mara nyingi walipatikana kwa msaada wa machifu na maafisa wa wilaya, watu ambao mwanakijiji hakuwa na uhuru mkubwa wa kuwakatalia. Na kwa kuwa lengo lilikuwa kunakili ya kale, aliyevaa shati na suruali, aliyesoma shule ya misheni au aliyefungua duka sokoni hakuwa na nafasi mbele ya brashi. Kenya iliyochorwa ilikuwa ya kweli kwa rangi, lakini ilikuwa imechaguliwa.

Waandishi wa wasifu wake wameandika pia juu ya hulka yake. Alikuwa mkali, mwepesi wa hasira, na wafanyakazi wake walionja ukali huo. Ndoa yake na George ilikuwa na misukosuko, na kwa miaka mingi waliishi mbalimbali ingawa hawakuachana. Kuyasema haya hakupunguzi thamani ya michoro. Kunamsaidia mtazamaji ajue ni jicho la nani analoazima.

Elsa na Pippa

Februari 1956 George alimpiga risasi simba jike aliyemrukia, kisha akagundua kwamba alikuwa na watoto watatu. Wawili walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Wa tatu, mdogo kuliko wote, akabaki Isiolo na kuitwa Elsa. Jaribio la kwanza la kumwachilia huru huko Maasai Mara halikufaulu. Ndipo akapelekwa katika nyika ya Meru, kando ya Mto Ura, na huko akajifunza kuwinda, akapata dume na kuzaa watoto watatu. Alikufa Januari 1961 kwa ugonjwa unaoenezwa na kupe, akazikwa palepale mtoni.

Mapato ya vitabu yalimwezesha Joy kuanzisha mfuko wa kuhifadhi wanyama uliobeba jina la Elsa. Eneo hilo la Meru likawa mbuga ya taifa mwaka wa 1966. Joy alirudi hapo kumfunza duma aliyeitwa Pippa maisha ya porini, kazi iliyoendelea hadi Pippa alipokufa mwaka wa 1969.

Mwaka huohuo ajali ya gari ilimwumiza vibaya mkono wa kulia. Kwa mtu aliyeishi kwa piano na brashi, pigo hilo halikuwa dogo. Aliendelea kuandika, lakini uwezo wa mkono ule haukurudi kama zamani.

Kutoka karatasi hadi kitabu, kutoka kitabu hadi nyumbani

Mwaka wa 1967 ilitoka kazi yake kubwa kuhusu watu, The Peoples of Kenya. Ndani yake baadhi ya michoro ilichapwa kwa rangi. Hapo ndipo tatizo la zamani lilipozaliwa upya, maana mtambo wa uchapaji hauna visanduku vya mchoraji. Una wino wa aina nne: samawati, majenta, manjano na mweusi. Kila rangi nyingine hupatikana kwa kuchanganya vitone vya hizo nne juu ya weupe wa karatasi. Ziko rangi ambazo wino huo hauzifikii, hasa rangi ya machungwa inayowaka, kijani kikali na zambarau ing'aayo. Mchapaji hulazimika kuchagua rangi iliyo jirani.

Printa ya nyumbani hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, hata inapoongezewa wino wa aina mbili au zaidi. Tofauti ni kwamba mchapaji wa vitabu alikuwa na fundi aliyelinganisha karatasi ya majaribio na mchoro asilia, ilhali nyumbani fundi ni mwenye printa. Anayetaka kuchapa nakala ya mchoro wa kale, au picha ya bibi yake akiwa na ushanga wake, afanye alichofanya Joy: alinganishe kila hatua na kitu chenyewe.

Kwanza ni mwanga. Rangi mbili zinazofanana chini ya taa ya manjano ya sebuleni zaweza kuachana kabisa dirishani. Picha iliyochapwa na kitu halisi vitazamwe pamoja, mchana, karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja.

Pili ni skrini. Skrini nyingi huwekewa mwanga mkali na rangi ya samawati kupita kiasi, kwa hiyo karatasi huonekana imefifia hata pale printa haikukosea. Mwanga wa skrini upunguzwe hadi ukurasa mweupe ulingane na karatasi nyeupe iliyowekwa kando yake. Wenye uwezo hutumia kifaa cha kupima na kusawazisha skrini.

Tatu ni karatasi. Printa humwaga wino kulingana na aina ya karatasi iliyoambiwa. Ikiambiwa ni karatasi ya kawaida, kumbe ni ya picha inayong'aa, rangi zitapotoka. Watengenezaji wa karatasi na printa hutoa mafaili yanayoeleza tabia ya rangi ya kila karatasi. Ni busara kuyatumia, na kuiachia programu ya picha au printa kazi ya kusimamia rangi. Zote mbili zikisimamia kwa pamoja, picha husahihishwa mara mbili na uso hugeuka wekundu au kijani.

Nne ni majaribio. Kipande kidogo chenye uso, ushanga na kitambaa cheupe kichapwe kwanza, kiachwe kikauke vizuri, kisha kitazamwe. Wino mbichi hudanganya. Na yafaa kuzima mapambo ya simu yanayong'arisha ngozi bila kuulizwa, maana simu hiyo inarudia kosa la ile kadi ya maabara.

Kifo cha Shaba

Miaka ya mwisho ya Joy ilipita katika hifadhi ya Shaba, karibu na Isiolo, akimlea chui aliyeitwa Penny. Huko ndiko alikouawa Januari 3, 1980, wiki chache kabla ya kutimiza miaka 70. Habari za kwanza zilidai ameshambuliwa na simba. Uchunguzi ulithibitisha kwamba aliuawa na binadamu, na mwaka wa 1981 mfanyakazi wake wa zamani alipatikana na hatia ya mauaji. George naye aliuawa na majambazi huko Kora, Agosti 1989.

Majivu ya Joy yalirudishwa Meru, yakawekwa katika makaburi ya Elsa na Pippa. Sehemu kubwa ya michoro yake ya watu ilibaki mikononi mwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, taasisi iliyorithi ile Coryndon alikoanzia. Rangi za maji hufifia zikipigwa na mwanga, ndiyo maana wahifadhi hupendekeza michoro ya aina hiyo iangaziwe kwa mwanga hafifu, usiozidi kipimo cha takriban luksi 50.

Wazee waliokaa mbele yake katika miaka hiyo karibu wote wamekwisha kufa. Wengi wao hawakuacha picha nyingine yoyote ya rangi, na mapambo waliyoyavaa mengi yameuzwa, yameungua au yameliwa na mchwa. Kwa mjukuu aliyeko Embu au Meru, nakala iliyotundikwa ukutani yaweza kuwa ndiyo njia pekee ya kujua wekundu wa udongo ule ulikuwa upi. Ikichapwa ovyo, naye atarithi rangi ya printa. Ikichapwa kwa uangalifu, atarithi alichokiona mtu aliyeketi hatua chache mbele ya babu yake, akamtazama, na kuchanganya rangi hadi zikalingana.